Sanaa ya Bizanti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sanaa ya Bizanti ni ipi hasa?

Ni sanaa ya dola la Kirumi la mashariki, lile lililokuwa na makao yake Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul, Uturuki. Konstantino Mkuu aliuzindua mji huo mwaka 330, na Waosmani chini ya Sultani Mehmed wa Pili wakauteka tarehe 29 Mei 1453. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka 1,100 ya makanisa, mozaiki (picha za vijiwe vilivyopachikwa ukutani), ikoni (picha takatifu za ubaoni), vitabu vya ngozi vilivyopambwa, vyombo vya fedha, hariri na nakshi za pembe za ndovu.

Wenyewe hawakujiita Wabizanti hata siku moja. Walijiita Warumi, na jirani zao Waarabu wakawaita Rum. Ndio hao wanaotajwa mwanzoni mwa sura ya 30 ya Qurani. Jina la Bizanti wamebandikwa na wasomi wa Ulaya kuanzia karne ya 16, dola lenyewe likiwa limeshakufa.

Ina vipindi vingapi?

Kwa kawaida hutajwa vitatu. Cha kwanza kinafikia kilele wakati wa Kaisari Justinian (527–565), kisha kinakatizwa na ugomvi mkubwa juu ya picha takatifu, zilizopigwa marufuku. Cha pili kinaanza picha ziliporudishwa mwaka 843 na kwenda hadi 1204, mji mkuu ulipotekwa na kuporwa. Cha tatu ni cha ukoo wa Palaiologos, 1261 hadi 1453, dola likiwa limesinyaa na hazina haina kitu. Ajabu ni kwamba michoro iliyo hai kuliko yote ilitoka katika kipindi hicho cha umaskini.

Kwa nini Hagia Sophia inasifiwa kuliko majengo mengine?

Januari 532 ghasia za Nika, zilizoanzia kwa mashabiki wa mbio za magari ya farasi, ziliteketeza sehemu kubwa ya Konstantinopoli pamoja na kanisa kuu, Hagia Sophia. Justinian hakupoteza muda. Kazi akawakabidhi Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, ambao walikuwa watu wa hesabu kuliko waashi, na mwaka 537 kanisa jipya likafunguliwa. Jengo la ukubwa ule, chini ya miaka sita.

Ugumu wake ulikuwa huu: kuba ni duara, na chumba cha chini ni mraba. Ukilitua duara juu ya mraba, pembe nne zinabaki hazina kitu. Wao walizijaza pembe hizo kwa vipande vya ukuta vilivyopinda, vyenye umbo la pembetatu, ambavyo vinaanza vyembamba juu ya nguzo na kutanuka kwenda juu mpaka vinakutana na kuwa duara kamili. Uzito wote wa kuba unateremkia humo hadi kwenye nguzo nne kubwa. Njia hiyo ilikuwepo kabla yao, ila hakuna aliyethubutu kuitumia kwa ukubwa huo. Kuba lina upana wa takriban mita 31, na kilele chake kiko mita 55 hivi kutoka sakafuni.

Chini ya kuba kuna madirisha 40 yaliyopangwa mduara. Jua likipita humo, ukingo wa kuba unamezwa na mwanga na jengo zima linaonekana halina linapokalia. Procopius, mwandishi wa zama hizo, alisema ni kana kwamba kuba limening'inizwa kutoka mbinguni kwa mnyororo wa dhahabu.

Mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi, kuba hilo lilianguka. Lilikuwa bapa mno, likawa linazisukuma kuta nje. Isidore mwingine, mpwa wa yule wa kwanza, akalijenga upya likiwa limeinuka zaidi, na mwaka 562 kanisa likafunguliwa tena. Baada ya 1453 lilifanywa msikiti; mwaka 1935 likafunguliwa kama makumbusho; tangu 2020 ni msikiti tena. Na lisingekuwa limesimama leo kama si mafundi wa Kiosmani walioziimarisha kuta zake kwa mihimili mikubwa ya nje.

Mbona watu kwenye picha wamekaa wima hivyo? Hawakujua kuchora?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na halina ubaya. Wametazama mbele kama wanapiga picha ya pasipoti. Miili imenyooka, miguu inaelea, na nyuma yao hakuna mlima wala anga, ni dhahabu tupu.

Walijua kuchora. Mwaka 1902 zilifukuliwa huko Kupro sahani tisa za fedha zenye mihuri ya Kaisari Heraclius, yaani ni za mwanzoni mwa karne ya 7, zinazosimulia ujana wa Daudi. Sita ziko New York, tatu ziko Nicosia. Kubwa kuliko zote ina pambano la Daudi na Goliathi: nguo zinapepea, magoti yamekunjika, miili imegeuka nusu kama katika sanamu za Wagiriki wa kale. Karne tatu baadaye mchoraji wa kitabu kinachoitwa Zaburi ya Paris akamchora Daudi akipiga kinubi mashambani, mifugo imemzunguka, kila kitu kina uzito na kivuli chake. Ni dola lilelile, lililokuwa likitoa pia wale watakatifu wima wa kwenye dhahabu. Kwa hiyo walikuwa wamechagua.

Walichagua hivyo kwa sababu picha ya kanisani haikuwekwa pale ikuhadithie jambo lililotokea mbali, zamani. Iliwekwa ili mtakatifu awe mbele yako, nawe uwe mbele yake. Ndiyo maana anakutazama, na macho ni makubwa kuliko ya kawaida. Aliyechorwa kwa upande hana habari na wewe. Mara nyingi utakuta aliyechorwa hivyo ni Yuda au pepo, watu ambao muumini hatakiwi kukutana nao macho kwa macho. Dhahabu nayo inafuta saa na mahali. Ukichora anga ya bluu na mti, umeshasema ni mchana na ni nchi fulani. Dhahabu haisemi hivyo.

Nenda San Vitale kule Ravenna, Italia, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 547, uone jambo hilo likifanya kazi. Pembeni ya madhabahu, ukuta mmoja una Justinian na watu wake, wa pili una malkia wake Theodora na wanawake wa ikulu. Justinian hakuwahi kukanyaga Ravenna. Lakini yupo pale, amevaa zambarau, ameshika sahani ya mkate wa ibada, duara la utakatifu likiwa nyuma ya kichwa chake, na kila misa iliyosomwa alihudhuria. Kando yake yuko Askofu Maximian, na ndiye peke yake ambaye jina lake limeandikwa juu ya kichwa. Huyo hakutaka makosa. Angalia miguu yao: Justinian na Maximian wanagombea nafasi ya mbele kiasi kwamba huwezi kusema kwa uhakika nani anamtangulia nani. Upande wa pili, kwenye pindo la joho la Theodora, wamedariziwa wale mamajusi watatu wanaopeleka zawadi, naye ameshika kikombe kwa ishara ileile ya kutoa.

Dharau dhidi ya mtindo huu ilienezwa sana na Giorgio Vasari, Mwitaliano wa karne ya 16, aliyeona kila kitu cha Kigiriki ni kigumu na kibovu mpaka Waitalia walipokuja kukinyoosha. Vitabu vya shule bado vinaimba wimbo huo.

Mozaiki hutengenezwaje?

Ukuta hupigwa lipu ya chokaa kwa matabaka, mara nyingi matatu. Tabaka la mwisho likiwa bado bichi, fundi huchora juu yake sura yote kwa rangi, kisha anapachika vijiwe kimoja kimoja kabla halijakauka. Kwa hiyo hupakwa lipu ya kutosha kazi ya siku moja tu.

Vijiwe vyenyewe ni vya kioo cha rangi, mawe na marumaru. Vya dhahabu hutengenezwa hivi: jani la dhahabu nyembamba mno hulazwa juu ya kioo, halafu hufunikwa kwa kioo kingine chembamba na kuunganishwa kwa moto. Dhahabu inakuwa imefungiwa ndani, haichubuki wala haififii, na ndiyo sababu kuta za karne ya 6 zinang'aa mpaka leo.

Siri kubwa iko mkononi mwa fundi. Vijiwe havikulazwa bapa. Viliinamishwa kidogo, kila kimoja na mwelekeo wake, ili mwanga wa taa za mafuta ukicheza, ukuta mzima uchezecheze nao. Ukipiga picha kwa flashi unapata ubao wa manjano usio na uhai. Kwenye nyuso vijiwe huwa vidogo zaidi kuliko vya nguo, na ukikaribia unashangaa kukuta mistari ya kijani chini ya kidevu na pembeni mwa pua. Rudi nyuma hatua kadhaa: kijani kimekuwa kivuli cha ngozi. Mfano bora ni Deesis ya Hagia Sophia, ya karne ya 13, ambapo Kristo yuko kati ya Mama yake na Yohane Mbatizaji. Sehemu ya chini yote imeanguka, nyuso tatu zimebaki.

Ni kweli kuna picha ambayo mume wa malkia alibadilishwa kichwa?

Kweli kabisa, iko orofani Hagia Sophia. Malkia Zoe yuko upande mmoja wa Kristo, upande wa pili Kaisari Konstantino wa Tisa amebeba mfuko wa pesa kwa ajili ya kanisa. Konstantino alikuwa mume wa tatu wa Zoe, alimwoa mwaka 1042. Mwili ni wa picha ya zamani zaidi. Kichwa na jina vimepachikwa upya, na maandishi yamebanwa ili yaenee mahali palipokuwa na jina lingine. Walichofanya juu ya hapo kinafurahisha zaidi: uso wa Zoe nao ulitengenezwa upya, na hata wa Kristo.

Kwa nini walipigana juu ya picha?

Kwa sababu Amri inasema usijifanyie sanamu ya kuchonga, na kwa sababu dola lilikuwa na hofu. Waarabu walikuwa wameuzingira mji mkuu mwaka 717–718. Mwaka 726 volkano ya Thera ikalipuka baharini, na wengi wakaiona ni ghadhabu ya Mungu. Kaisari Leo wa Tatu akaamua kosa liko kwenye picha. Mwanawe Konstantino wa Tano akaitisha mtaguso mwaka 754 kuzipiga marufuku rasmi. Malkia Irene akazirudisha kwa Mtaguso wa Pili wa Nisea mwaka 787, zikapigwa marufuku tena mwaka 815, na mwisho malkia mwingine, Theodora (si yule wa Ravenna), akazirudisha moja kwa moja mwaka 843. Waorthodoksi husherehekea siku hiyo kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima.

Hoja iliyoshinda ilikuwa ya mtawa Yohane wa Dameski na wenzake: Mungu asiyeonekana hachoreki, lakini ukisema alitwaa mwili akatembea Galilaya, umekubali kwamba angeweza kuchorwa. Na heshima inayotolewa mbele ya picha haibaki kwenye ubao, inamfikia aliyechorwa.

Waliovunja picha hawakuwa maadui wa sanaa. Waliweka misalaba, miti na ndege. Hagia Irene, jirani na Hagia Sophia, bado ina msalaba wao mmoja mweusi mpana juu ya dhahabu, na ni mzuri. Wapinzani wao walilipiza kwa kalamu: katika Zaburi ya Khludov, kitabu cha karne ya 9, mtu mwenye nywele zilizosimama anaipaka chokaa sura ya Kristo kwa sifongo lililofungwa kwenye ufito, na karibu naye askari anamwinulia Kristo msalabani sifongo la siki. Msomaji aunganishe mwenyewe.

Baada ya 843 kila sura ilipewa mahali pake kanisani: Kristo Mtawala kwenye kuba, Mama wa Mungu juu ya madhabahu, sikukuu kubwa chini ya kuba, watakatifu chini karibu na watu.

Basi uvunjaji wa picha ulitoka kwa Waislamu?

Wapo waliodai hivyo tangu zamani, ila mambo hayanyooki hivyo. Yohane wa Dameski aliandika utetezi wake akiishi chini ya makhalifa, ambako mkono wa Kaisari haukumfikia. Ikoni za kale kuliko zote zimesalimika Sinai, Misri, nchi iliyokuwa tayari mikononi mwa Waislamu. Na sanaa ile ilivuka mipaka bila pasi: Kuba la Mwamba mjini Yerusalemu, lililokamilika 691 au 692, na Msikiti Mkuu wa Dameski wa mwanzoni mwa karne ya 8, vyote vina mozaiki za mtindo huohuo, zenye miti na, kule Dameski, majumba na mito, bila mtu hata mmoja. Waandishi wa Kiarabu wanasimulia kwamba hata vijiwe vya mihirabu ya Cordoba, Hispania, vililetwa kutoka kwa Kaisari.

Ikoni huchorwaje?

Ubao mkavu hugundishwa kitambaa cha kitani, kisha hupakwa tabaka juu ya tabaka la chaki na gundi ya ngozi, na kusuguliwa mpaka uwe laini. Dhahabu hubandikwa kwanza, mara nyingi juu ya udongo mwekundu unaoipa joto. Rangi ni madini yaliyosagwa na kuchanganywa na kiini cha yai. Uso huanza na rangi ya giza kama zeituni, halafu mchoraji anapanda kuelekea mwanga, tabaka baada ya tabaka, mpaka vile vistari vyeupe vya mwisho karibu na macho. Mwishoni jina huandikwa, kwani bila jina kazi haijakamilika. Mafuta yanayopakwa juu huwa meusi kadiri miaka inavyopita. Ikoni nyingi unazoziona nyeusi, ni mafuta hayo.

Za mwanzo zilitumia nta iliyoyeyushwa, ufundi ambao Wamisri walikuwa wakiutumia kwa sura za marehemu wao. Maarufu kuliko zote ni Kristo wa karne ya 6 katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai. Ziba nusu ya uso wake kwa kiganja: upande mmoja ni mpole, mwingine nyusi imepanda na jicho ni kali. Wengi huona hapo huruma na hukumu vimekaa katika uso mmoja.

Wachoraji walikuwa akina nani?

Wengi hawakuandika majina yao. Wachache walivunja mwiko kwa ujanja: Michael Astrapas na Eutychios, waliochora kanisa moja Ohrid (Makedonia Kaskazini ya leo) mwaka 1295 hivi, waliyaficha majina yao kwenye mavazi na silaha za watakatifu askari. Theophanes Mgiriki alihamia Urusi katika karne ya 14. Na mchoraji wa ikoni wa Krete, Domenikos Theotokopoulos, aliyezaliwa 1541, alienda Venice na kisha Hispania, ambako walimwita El Greco.

Afrika ilihusika vipi?

Kwa mengi, na hapa vitabu hupita haraka mno.

Anza na pembe za ndovu. Mfanyabiashara wa Aleksandria wa karne ya 6 anayejulikana kama Cosmas aliandika kwamba ndovu wa Uhabeshi wana pembe kubwa, na kwamba pembe hizo husafirishwa kwa bahari kwenda Uhindi, Uajemi, Himyar (Yemeni ya leo) na nchi ya Warumi. Katika jumba la Louvre, Paris, kuna nakshi ya pembe ya wakati huo iitwayo Barberini: Kaisari yuko juu ya farasi, na ubao wa chini una watu wa mataifa ya mbali wanaoleta kodi, akiwemo ndovu mwenyewe na mtu aliyebeba pembe. Kitu chenyewe kinakuonyesha kilikotoka.

Halafu kuna Nubia, Sudani ya leo. Falme zake zilipokea Ukristo katika karne ya 6, na wachoraji wake wakachukua mtindo wa Bizanti wakauzungumza kwa lafudhi yao. Bwawa la Aswan lilipokaribia kuufunika mji wa Faras, Wapolandi wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walichimba kati ya 1961 na 1964, wakabandua ukutani michoro zaidi ya 120. Iligawanywa kati ya Warsaw na Khartoum. Mmoja ni wa Askofu Petros, wa karne ya 10, Mtume Petro akiwa amesimama nyuma yake na kumshika mabega. Mtume ana ngozi nyeupe, askofu ana ngozi ya kahawia iliyokolea, na wote wawili wanakutazama. Mwingine ni Mtakatifu Anna, kidole mdomoni.

Nini kilitokea mwaka 1204?

Wanajeshi wa Vita vya Msalaba vya Nne, Wakristo waliokuwa njiani kwenda kupigana na Waislamu, waliuteka na kuupora mji mkuu wa Wakristo wenzao. Shaba ya kale iliyeyushwa kwa sarafu. Farasi wanne wa shaba walipelekwa Venice wakawekwa juu ya mlango wa San Marco; waliopo nje sasa ni nakala, wa asili wako ndani. Kona ya kanisa hilo ina sanamu ya watawala wanne waliokumbatiana, ya jiwe la zambarau, na mguu mmoja umeungwa kwa jiwe jingine. Kipande cha mguu huo kilikuja kupatikana Istanbul katika miaka ya 1960.

Mji uliporudi kwa wenyewe mwaka 1261, fedha hazikuwepo tena, lakini kati ya 1315 na 1321 hivi afisa tajiri, Theodore Metochites, alilipia mapambo ya kanisa la Chora. Mle ndani kuna Ufufuo mmoja ambao kwangu ndio mchoro bora wa enzi zote hizo: Kristo amevaa nyeupe, miguu imepanuka, amewashika Adamu na Hawa vifundoni mwa mikono na anawang'oa makaburini kwa nguvu. Malango ya kuzimu yamevunjika chini yake, kufuli na funguo zimetapakaa.

Naweza kuona sanaa hii bila kwenda Ulaya?

Za kale, nenda Sinai au Kairo. Kwa mtindo unaoendelea kuishi, ingia kanisa la Kiorthodoksi lililo karibu nawe. Waorthodoksi wengi wa Afrika Mashariki wako chini ya Patriarki wa Aleksandria: Kenya wana seminari yao Riruta, Nairobi, Uganda kanisa kuu liko kilima cha Namungoona, Kampala, Tanzania makao ya mmoja wa maaskofu yako Mwanza. Ikoni utakazokuta ni za karne hii au iliyopita, lakini mpangilio wa sura kwenye ukuta ulio mbele ya madhabahu ni wa zamani: Kristo upande wa kulia wa mlango wa kati, Mama wa Mungu upande wa kushoto. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.